Nerima na Kaa Aliokuja Nao

Daktari wa kaa alifika Mwello mwaka wa elfu mbili na ishirini. Hapana, nimekosea. Mwaka huo hakuna aliyefika popote. Korona ilikuwa imefunga mpaka wa Busia, hata mbuzi akivuka aliulizwa anakwenda wapi. Ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili, maana shule za Uganda zilikuwa zimefunguliwa tena na wavulana walikuwa wakirudi darasa la saba na ndevu zao. Ndiyo. Ishirini na mbili, mvua za kwanza.

Nerima alikuwa kijitoni siku hiyo, sketi ameikunja kiunoni, ameshika bua la mtama lenye utumbo wa kuku uliofungwa nchani. Hivyo ndivyo alivyowinda. Bua linaingizwa taratibu mlangoni mwa shimo, linatikiswa kidogo kama kitu chenye uhai, kaa analibana kwa gando, na kwa tamaa yake haliachii tena. Unamvuta polepole, na mkono wa pili unamngoja nje. Akishamtoa, Nerima humgeuza tumbo juu kwanza. Akimkuta ni jike aliyebeba watoto chini ya mkunjo wa tumbo, wadogo kama punje za ulezi, humrudisha majini. "Nenda, mama," humwambia. Wengine wote huingia ndooni.

Kaa hao walikuwa ndio shamba lake, ndio mshahara wake. Aliwapeleka Busia, akavuka nao upande wa Kenya, akamuuzia Caro mwenye kibanda cha samaki. Caro naye aliwauzia wavuvi wa ziwani wanaotega kamongo kwa chambo cha kaa, na akina mama wenye watoto waliochelewa kutembea, maana supu ya kaa, kwao, ni dawa ya magoti.

"Mathe, leo umeleta kaa ama umeleta makucha tu?" Caro humwambia akichungulia ndooni.

"Nunua, wewe. Hata wewe ulizaliwa mdogo."

"Na nikakua! Hawa wako wamekataa kukua."

Basi wanacheka, wanauziana, na Nerima anarudi Mwello na sabuni na chumvi.

Alikuwa mjane. Mume wake, Aboth, alikuwa amemwachia nyumba na kile kipande cha chini kinachogusa kijito, penye viazi vikuu na mafunjo na mashimo ya kaa. Juu ya kipande hicho lilikuwapo shamba la mpunga la shemeji yake, Othieno, mdogo wa marehemu. Kila mtu Mwello alijua Othieno anakitaka kipande cha chini, kwa sababu mpunga hupenda maji na maji yalikuwa chini. Lakini alikitaka kwa adabu. Hakuwahi kumfukuza shemeji yake wala kumtukana. Alikuwa akisimama tu juu ya ukingo jioni, mikono nyuma, akitazama kule chini kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake.

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Nerima alipewa jembe, akalilimia hadi likaisha, akapewa jingine nalo likaisha. Bado waliposema habari zake walisema, "Yule mwanamke wa Kenya." Alikuwa Msamia wa ng'ambo, kutoka nyuma ya vilima, na alikuwa ameolewa Mwello kwa Wajopadhola tangu akiwa na meno yake yote.

Sasa huyo daktari. Jina lake Lillian, binti mdogo tu, amevaa buti za mpira, ana sanduku la barafu na chupa ndogo ndogo zenye spiriti. Alikuwa akipita kijito kwa kijito, Mwello mpaka Nabuyoga, akiomba kaa. Hakutaka kaa mzima. Alitaka mguu mmoja.

"Mguu mmoja tu?" Nerima alimuuliza. "Na huyu aliyebaki atembee vipi?"

"Mama, ana minane ya kutembelea. Na ule utaota tena akibadilisha gamba."

"Bahati yake. Mimi goti langu halioti."

Lillian akacheka, akaketi juu ya jiwe, wakawa marafiki. Alimweleza kwamba kabla ya kuja huku alikuwa akifanya kazi ya kaa wa bahari kuu, wale wa vilindini, mahali ambapo jua halijafika tangu Mungu aliposema neno. Meli inashusha mtego wa chuma kwa kamba ndefu, siku nzima, na ukipandishwa wamo kaa weupe kama waliofuliwa, wengine wana manyoya miguuni. Alimwonyesha picha kwenye simu. Nerima aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu kipofu?"

"Macho anayo, lakini hayana kazi kubwa kule."

"Maskini. Na ndugu zake anawajuaje?"

"Ndiyo kazi yangu hiyo, mama. Kaa hawana majina ya ukoo. Unaweza kuwakuta wawili wanafanana kama mapacha, kumbe koo zao ziliachana kabla ya mlima Elgon kupoa. Na wengine hawafanani kabisa, na ni mtu na dada yake. Macho yanadanganya. Lakini ndani ya nyama ya mguu kuna vinasaba, kama alama ya ukoo. Tunaisoma kwa mashine."

"DNA," alisema Nerima.

"Unaijua?"

"Nani haijui? Si ile ya kuwakamata wanaume?"

Walicheka mpaka Othieno akaja ukingoni kuona kuna nini. Siku hiyo Nerima alimwonyesha Lillian mashimo yake yote, lile la chini ya mfunjo, lile la penye jiwe la kufulia, na akamtolea kaa kwa bua lake, mmoja mmoja. Lillian alikata mguu, akautia chupani, akaandika. Hakupanda juu kwenye mpunga. Jua lilikuwa limeanza kulala, na alikuwa bado na Nabuyoga.

Akaenda. Watu wakamsahau, kama wanavyosahauliwa watu wote wanaokuja na sanduku la barafu.

Lakini Lillian alirudi, na hilo ni la kumsifu, maana wengi hawarudi. Alirudi mwaka wa pili yake na kuomba mwenyekiti wa kijiji aite watu, ili awaambie alichokipata. Walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, chini ya turubai la matanga. Mwenyekiti, mtu mnene aitwaye Okecho, alikuwa amevaa koti. Othieno alikaa mbele. Acen, binti pekee wa Nerima, aliyeolewa Nabuyoga, alikuwa amekuja kumtembelea mama yake, naye alikaa nyuma na mtoto mgongoni.

Lillian alitundika karatasi kubwa yenye mchoro kama mti uliolala chini, matawi yake yameandikwa majina ya vijito. Kaa wa vijito vya huku na vya Nabuyoga, alisema, ni tawi moja, wenyeji wa siku nyingi. Isipokuwa kijito kimoja. Hiki hapa chini ya kanisa. Kaa aliowachukua humo si wa tawi hili. Alama yao ni sawasawa kabisa na ya kaa wa kijito kimoja kilichoko Kenya, nyuma ya vilima vya Samia, na maji ya kule hayakutani na ya huku popote.

"Kaa hawezi kuvuka vilima kwa miguu," alisema. "Kuna ndege mkubwa aliyewaangusha, au kuna mtu aliyewabeba. Kama kuna anayejua, mimi ningefurahi sana kumsikia."

Hapo ndipo Nerima alipoinua mkono.

Ni lazima mtu aelewe ni kitu gani kilichomwinua mkono ule. Miaka yote aliyokaa Mwello, hakuna aliyewahi kumuuliza alitoka kwa nani. Walijua ametoka Kenya, basi, kama mtu anavyojua mvua imetoka juu. Na sasa msomi amekuja na mashine, na mashine imekitaja kijito cha mama yake. Kijito kile kile alichobatizwa ndani yake, alichofulia nepi za wadogo zake.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyewaleta."

Akasimulia yote. Kwamba kwao, binti akiolewa mbali, mama yake alikuwa akimpa kaa wa kijito cha nyumbani ndani ya chungu, pamoja na tope na majani mabichi, ili mtoto wa kwanza akizaliwa anyweshwe supu ya kaa wa kwao na magoti yake yawe na nguvu. Mama yake, Selpher, alimpa wa kwake na kumwambia, "Usifike huko mikono mitupu." Lakini mtoto alikawia kuja. Kaa wakaanza kufa chunguni mmoja mmoja, na yeye akalia, na Aboth, Mungu amrehemu, akamchimbia kidimbwi cha mawe kijitoni na kuwaachia humo. Aboth akasema wenzake wameoa wanawake waliokuja na masufuria, yeye peke yake ndiye aliyeongezewa kaa. Baadaye Acen akazaliwa, akanywa ile supu, akatembea.

"Huyo pale nyuma! Acen, simama wakuone magoti."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Lillian alikuwa anaandika kwa haraka na macho yake yaking'aa. Hata Othieno alicheka, akajipiga paja.

"Kumbe shemeji wewe ndiye mama ya kaa! Hata sisi hatukujua tumeoa ukoo mzima!"

Nerima alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama aliyetawazwa. Acen hakucheka. Alipokuwa akiondoka alimshika mama yake mkono akasema, "Mama, kwa nini uliinua mkono?" Nerima akadhani ni haya za watoto wa siku hizi.

Mvua zilipokuja, Othieno na jirani zake walifungua maji yakaingia kwenye vitalu vya mpunga. Asubuhi yakawa hayapo. Kingo za udongo zilikuwa zimetobolewa, mashimo duara kama yaliyochimbwa kwa kidole gumba, na maji yameshuka zake kijitoni. Wakaziba. Yakatobolewa tena. Miche ikaanza kuwa na rangi ya manjano.

Kusema kweli, hayo hayakuwa mageni. Kingo za mpunga wa Mwello zilikuwa zikitobolewa tangu mpunga ulipoanza kulimwa. Kuna kaa wadogo wa tope, rangi ya tope lenyewe, wanaoishi humo, na hakuna aliyewahi kuwajali wala kuwala. Mkulima alikuwa akiziba, anatukana, anaendelea. Lakini mwaka ule tusi lilikuwa limepata mwenyewe.

Othieno alikuja na kaa mmoja mkononi, mdogo, ameponda gamba lake, akamtupa mbele ya mlango wa Nerima.

"Shemeji, chukua mutoto yako."

"Othieno, huyu umemtoa wapi?"

"Kwa mpunga yangu. Hii kaa yako ndiyo natoboa shamba ya watu. Wewe mwenyewe nasema mbele ya daktari. Mimi sikusema. Wewe nasema."

Nerima alimwokota yule kaa aliyepondwa, akamgeuza huku na huku. Mdogo vile, hakuna awezaye kumtambua. Wakiwa wadogo wote ni rangi ya tope. Naye mwenyewe, na hili ndilo la kusikitisha, aliamini. Aliona haya. Aliingia ndani akakaa juu ya kitanda akafikiri, basi kumbe ni wangu.

Kesi ilisikizwa kwa Okecho. Haikuwa ndefu. Kesi zilizo ndefu ni zile ambazo mshitakiwa anakana.

"Mama Acen," alisema Okecho kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "ni wewe uliyeleta kaa?"

"Ni mimi."

"Kutoka Kenya?"

"Kutoka kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

Nerima akatazama nje, upande wa kanisa. Angesema kwetu ni hapa, na karatasi ya daktari ilikuwa bado imetundikwa pale kanisani, imeandikwa vingine. Mtu mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, "Kama ng'ombe yako naingia kwa shamba ya mutu, si wewe nalipa? Na kaa je?" Mwingine akasema kaa hana kamba. Wakacheka. Kicheko kilikuwa kile kile cha siku ya turubai, ila sasa kilikuwa kimegeuka upande.

"Nimpigie daktari," Nerima alisema. "Yeye ndiye anayejua."

Walimpigia mbele ya watu wote. Lillian alikuwa mbali, kwenye meli tena, au njiani kwenda kwenye meli. Sauti ilikuwa inakatika. Alisikika akisema kwamba utafiti wake haukusema hivyo, kwamba hakupima kitu kingine, kwamba angewaandikia. Kisha ikawa ni upepo tu. Okecho alingoja kidogo, akaifunika simu kwa kiganja kama anayemfumba marehemu macho, akamrudishia Nerima.

Uamuzi ulikuwa huu: Nerima awaondoe kaa wake wote. Wote, mpaka wa mwisho. Mashimo yakiisha kwenye kingo, abaki kwake kwa amani na hakuna atakayemgusa. Yasipoisha, basi yeye na kaa wake ni wamoja, na kipande cha chini kitarudi kwa ukoo.

Basi akaanza. Alishinda kijitoni kutwa, na bua la mtama, na utumbo wa kuku, na ulipokosekana alitumia mchwa, na mchwa walipokosekana alitumia kidole chake mwenyewe. Alimtoa kila kaa. Na alipomgeuza jike aliyebeba watoto chini ya tumbo, alisimama naye hivyo, maji yakimpita miguuni. Maisha yake yote alikuwa hajawahi. Alisema, "Nisamehe, mama," akamtia ndooni.

Caro aliona ndoo zinajaa kupita desturi. Alitia mkono akatoa jike, akaona.

"Mathe, hawa wako na watoto."

"Najua."

"Si ulisema hawa hawashikwi? Si ni wewe ulinigombeza mimi?"

"Nunua, Caro."

"Ziii, mathe. Unamaliza duka na mbegu."

"Nimesema nunua."

Hakukuwa na utani siku hiyo.

Kijito kilimalizika. Ilifika siku alipotia bua kwenye shimo la chini ya mfunjo, shimo ambalo halikuwahi kumnyima tangu Aboth alipopanga yale mawe, na bua likarudi vile vile lilivyokwenda. Akatia kwenye jiwe la kufulia. Kimya. Alikaa pale majini akamwita mama yake kwa jina, Selpher, Selpher, kama mtu anayetaka kuomba radhi lakini hajui kosa ni lipi.

Kesho yake alikwenda kumwita Othieno aje aone, kijito ni kitupu, amri imetimizwa. Alimkuta Othieno amesimama kwenye ukingo wa mpunga, mikono nyuma. Kulikuwa na shimo jipya miguuni pake, duara, udongo wa mlangoni ukiwa bado mbichi. Maji yalikuwa yakipita humo kwa sauti ndogo, kama mtoto anayenyonya.

"Wewe bado naficha zingine, shemeji," alisema Othieno.

"Sijaficha. Njoo utafute mwenyewe."

"Mimi natafuta nini? Si hii hapa naona?"

Nerima aliinama, akatia mkono kwenye lile shimo. Alimgusa aliyemo ndani. Alilihisi gando likimbana kidole. Lakini alikuwa amechoka, na watu walikuwa wameanza kukusanyika, na mmoja wao alikuwa tayari anasema aondoke na ukoo wake. Kaa alimwachia kidole, akarudi ndani ya ukingo. Nerima akasimama akajipangusa tope.

Aliondoka kwa boda boda, chungu amekipakata. Ni kile kile alichokuja nacho. Hakwenda kwa Acen, kwa sababu mume wa Acen alikuwa na mpunga na hakutaka maneno. Alikwenda kwao, nyuma ya vilima, akawakuta watoto wa kaka zake wamezigawana zile ardhi, na mke wa mmoja wao akamuuliza, kwa heshima zote, kama ni mgeni wa nani. Siku hizi anaishi upande wa Kenya mjini Busia, kwenye chumba nyuma ya kibanda cha Caro, anaparuza samaki wa watu. Kaa hataki kuwaona. Wakiletwa na mtu mwingine, anatoka nje mpaka wauzwe. Caro amekoma kumtania, humwambia tu, "Mathe, kunywa chai."

Kipande cha chini kimepandwa mpunga. Yale mawe ya Aboth yaling'olewa yakajengewa choo. Nilipita Mwello msimu huu wa mavuno, na miguu yangu haijui kupita mahali bila kusimama. Mpunga ulikuwa wa manjano kabla ya wakati wake. Wanawake walikuwa wameinama kwenye kingo, wanaziba mashimo kwa tope, na Othieno amesimama, mikono nyuma. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti na uji. Nilimuuliza jambo moja tu. Akatazama upande wa kijito. Nikamuuliza Okecho, akavaa koti lake akasema ana safari. Nikampigia yule binti daktari kwa namba aliyonipa Caro, nikaambiwa mteja hapatikani. Nimewauliza tena wote watatu tangu hapo, kila nilipopita njia ile. Nilichowauliza ni hiki: hawa kaa wa kwenye kingo, hawa wanaotoboa mpaka leo, ni nani aliyewahi kuwakata mguu akaupima?